Pori Linapovaa Mekundu Kabla ya Mvua

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa mwezi wa nane hadi katikati ya mwezi wa kumi, wageni wanaofika kwetu kijijini wanauliza swali lilelile: "Mchungaji, miti yenu imepatwa na ugonjwa gani?" Wanakuwa wametoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga. Njiani wameona nyasi zilizoungua, udongo mweusi wa majivu, vumbi, na anga ya rangi ya maziwa kwa sababu ya moshi. Halafu, juu ya ukavu huo wote, wanaona miti yenye majani mekundu: mekundu ya shaba, ya waridi, ya divai, mengine yenye wekundu wa tofali jipya. Mvua imekatika tangu mwezi wa nne au wa tano. Mtu ambaye hakukulia Katanga anafikiri ni pori linalokufa.

Hapana, ni pori linalozaliwa upya. Tunataka kulieleza jambo hilo leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndugu zetu wengi walioko Ubelgiji, Ufaransa na Kanada wanatutumia picha katika miezi hiyohiyo: miti ya huko ikiwa ya manjano na nyekundu, watoto wakicheza katika malundo ya majani makavu. Wanauliza kama huku kwetu kuna kitu cha kufanana nacho. Ya pili tutaifikia mbele kidogo, nayo inahusu makala.

Tuanze na kule kwao. Wanaokaa Bruxelles wanaijua Forêt de Soignes, pori lililo upande wa kusini-mashariki wa mji, lenye miti mirefu ambayo kwa Kifaransa inaitwa hêtre. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja miti hiyo inageuka manjano, kisha inakuwa rangi ya shaba. Sababu yake si ngumu kuelewa. Jani ni jiko la mti. Ndani yake mna klorofili, ile rangi ya kijani inayoshika nuru ya jua ili mti upike sukari yake kwa maji na hewa. Siku zinapofupika na baridi inapokaribia, jiko hilo linaleta hasara kuliko faida. Basi mti unafanya kama mama wa nyumba anayehama: kabla ya kufunga mlango anatoa kwanza vyombo vya thamani. Unaivunja klorofili, unarudisha naitrojeni na fosforasi katika matawi na shina, kisha unajenga ukuta mwembamba kama kizibo pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi. Kijani kikiisha kuondoka, inaonekana manjano ambayo ilikuwa imefichwa chini yake tangu mwanzo. Rangi hiyo ni ya jamii ya karotenoidi, jamii ileile inayoyapa mawese yetu rangi yake.

Wekundu ni jambo lingine. Mti wa maple, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, hauufichi wekundu wake chini ya kijani. Unautengeneza upya katika siku za mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Rangi hiyo inaitwa antosianini. Ikishatokea, ni upepo mmoja tu, na jani liko chini.

Sasa turudi Katanga. Wekundu mnaouona katika miti yetu mwezi wa kenda ni antosianini hiyohiyo, lakini jani linaloivaa halijamaliza hata wiki mbili tangu litoke kwenye chipukizi. Kule jani linakuwa jekundu likiaga, na huku linakuwa jekundu likifika. Tunapowajibu ndugu zetu kwa picha za hapa, mara nyingi hawaamini mpaka tuwaeleze hilo.

Pori hili linaitwa miombo. Ni jina la miti yenyewe katika lugha kadhaa za Kibantu za ukanda wetu, na wataalamu wa dunia nzima wamelichukua kama lilivyo. Linaanza Angola, linapita Katanga, Zambia, Malawi, Zimbabwe na Tanzania, linafika Msumbiji. Miti yake mikuu ni ya ukoo wa maharage na karanga, ingawa ukiitazama huwezi kudhani. Wazee wa kwetu wanaitofautisha kwa jina: muputu, mutondo, mutobo, musamba. Muputu ndio mwekundu kuliko yote, na huko Zimbabwe wanauita musasa. Katikati yao mna mulombwa, ule unaotoa utomvu kama damu ukikatwa, na musuku, na mupundu, ambayo matunda yake watoto wanayajua kuliko sisi.

Lubumbashi na vijiji vyake viko juu, zaidi ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo tunayo baridi ya kweli mwezi wa sita na wa saba. Watu wanaotoka Kinshasa wanaazima makoti. Majani ya zamani yanaanza kudondoka wakati huo na kuendelea mwezi wa nane. Lakini uchi wa miti hauchukui muda mrefu. Kuna miti ambayo jani la zamani halijamaliza kuanguka na jipya limekwisha toka. Kisha mwezi wa kenda joto linapanda haraka, na mwezi wa kumi ndio mkali kuliko yote.

Swali ambalo vijana wa katekisimu wanatuuliza ni zuri: kama mvua haijanyesha kwa miezi mitano, mti unapata wapi maji ya kutengeneza majani mapya? Jibu liko mahali pawili. Mizizi ya miti hii inashuka chini sana, mpaka kwenye udongo ambao jua halijaukausha. Na shina lenyewe ni tangi: linahifadhi maji ya masika iliyopita, na mti unayatumia kidogo kidogo. Ndiyo maana mahindi yaliyosimama shambani mwezi wa kenda yangekuwa yamekufa zamani, na muputu ulio pembeni mwa shamba hilohilo unachanua.

Na kwa nini usingoje mvua, kama mkulima mwenye akili? Kwa sababu mvua ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa. Inapogonga udongo uliokaa miezi mingi bila kunyeshewa, chakula cha mimea kinafunguka kwa wingi katika siku chache. Mti wenye majani tayari unakila. Usio na majani unaanza kushona nguo wakati arusi imekwisha kuanza. Tena, katika ukame wadudu walao majani bado ni wachache, basi jani linapata nafasi ya kukomaa kidogo kabla hawajaamka. Hapo ndipo wekundu unapofanya kazi yake. Jani changa ni laini kama ngozi ya mtoto, na jua la mwezi wa kumi halina huruma. Antosianini inapunguza ukali wa nuru inayoingia, kama pazia dirishani, mpaka klorofili ikamilike. Pia inasaidia kuwakinza wadudu. Jani likipata nguvu, pazia linaondolewa: baada ya wiki mbili au tatu wekundu unakuwa kahawia, kisha kijani cha ndizi mbichi, na mvua zinapokolea mwezi wa kumi na moja pori lote ni kijani kizito.

Miti haiendi pamoja kama askari. Mnaweza kuona miputu miwili iliyosimama meta kumi mmoja na mwenzake: mmoja kama moto, mwingine una kijani hafifu tangu siku ya kwanza. Ni kama watoto wa tumbo moja. Kwa hiyo anayetaka kufurahia rangi asije siku moja akarudi mjini akisema ameona. Apite njia ileile kila wiki, na atakuta pori lingine.

Saa nzuri ni mbili. Ya kwanza ni alfajiri, jua likiwa bado chini na nuru inapita katikati ya majani badala ya kuyapiga juu; majani hayo ni membamba, yanawaka kama karatasi iliyoshikwa mbele ya taa. Ya pili ni kabla ya magharibi. Katikati ya mchana pori linatumiwa kwa masikio tu. Kwanza ni nyenze, ambao mwezi wa kumi wanapiga kelele mpaka kichwa kinauma. Halafu ni mlio mkavu, tak, kama mtu aliyevunja kijiti, kisha kitu kinadondoka katika majani makavu. Hayo ni maganda ya mbegu. Ganda la muputu au mutondo ni gumu kama ubao. Jua linapolikausha, pande zake mbili zinajikunja kwa kuvutana mpaka linapasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Tulikuwa na mgeni mmoja kutoka mjini aliyedhani kuna mtu anatutupia mawe.

Kuhusu wanyama, tuseme ukweli: karibu na vijiji wakubwa hawapo tena. Wamewindwa. Punda milia wa mwisho wa nchi yetu wako ndani ya mbuga ya Upemba, ambayo iliundwa mwaka 1939, na si watu wengi wanaoweza kufika huko. Kinachobaki kuzunguka nyumba ni kindi, sungura, kanga, kwale, ngedere wanaoiba mahindi, na usiku komba, yule mwenye macho makubwa ambaye kilio chake kinawatisha watoto kwa sababu kinafanana na cha mtoto mchanga. Nyoka pia, bila shaka. Mwezi wa kenda nao wanaamka na joto. Aangalie anapokanyaga yeye anayetembea akitazama juu.

Lakini ndege wapo, na wanatosha. Anayeingia katika miombo mara ya kwanza anaona ukimya mtupu. Dakika kumi, ishirini, hakuna hata unyoya. Kisha ghafla mti mmoja unajaa: wadogo wa manjano, weusi na weupe, wanaogonga magome, wanaopekua majani, aina saba au nane pamoja, na baada ya dakika tano wameondoka. Katika ukame ndege wa miombo wanapenda kutembea hivyo, kundi la mchanganyiko, macho mengi yakilinda hatari na midomo mingi ikiwafukuza wadudu kutoka mafichoni. Siri yake ni kukaa chini ya mti na kungoja. Wanaotembea haraka hawaoni kitu.

Mwezi wa kumi wanafika wageni. Mbayuwayu waliokuwa wakijenga viota vyao katika mazizi ya Ulaya wanaondoka huko wakati majani ya kule yanapogeuka manjano, wanavuka bahari na jangwa la Sahara, na wengi wanateremka mpaka Afrika ya kati na ya kusini. Kwa hiyo mbayuwayu anayepita juu ya paa letu anaweza kuwa ameiona miaka yote miwili ya rangi katika safari moja: ile inayoaga na ile inayofika. Ndugu zetu wa Ulaya hawana bahati hiyo bila kulipa tiketi ya ndege.

Kuna mmoja ambaye hatuwezi kumpita kimya. Katika mushitu, ule msitu mzito unaofuata vijito, anakaa ndege mkubwa wa rangi ya buluu iliyokolea, mdomo wa manjano, kishungi chekundu. Akiruka mabawa yake yanafunguka, nayo ni mekundu ajabu. Wekundu ule una shaba halisi ndani yake. Rangi ya manyoya hayo haiwezi kutengenezwa bila shaba. Ndege mwenye shaba mabawani, katika nchi ya shaba! Watu wa migodi hawajamgundua bado, na tunaomba wasimgundue.

Tunakuja sasa kwenye vichuguu, kwa sababu hakuna anayeweza kueleza pori la hapa bila hivyo. Vichuguu vya Katanga si vile vidogo vya kupiga teke. Vina urefu wa nyumba, meta tano na zaidi, na upana ambao mtu anajenga juu yake akapata eneo. Vimejengwa na mchwa, chembe kwa chembe. Watafiti waliovipima kwa kaboni karibu na Lubumbashi, katika kazi iliyotolewa mwaka 2015, walikuta kimoja ambacho umri wake umezidi miaka 2,000. Kilikuwa kimesimama kabla Bwana Yesu hajazaliwa Betlehemu. Udongo wake una rutuba kuliko udongo wa jirani, ndiyo maana miti inayoota juu yake ni mingine kabisa, na ndiyo maana wakulima wanauchukua kwa mashamba yao. Ndio udongo tunaofyatulia matofali pia. Nyumba nyingi za Lubumbashi ni vichuguu vilivyobadili umbo.

Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi wanatoka vichuguuni usiku. Sisi huku tunawaita inswa. Taa moja juu ya beseni la maji inatosha. Asubuhi wanakaangwa bila mafuta, kwa kuwa wanayo yao wenyewe. Baada ya hapo unaanza msimu ambao wamama wa kijiji wanaungoja mwaka mzima.

Kwanza vinkubala, viwavi vya kuliwa. Vipepeo wa usiku wanataga mayai juu ya miti, na jani lile changa lililokuwa jekundu linakuwa chakula cha viwavi. Aina zinazopendwa zinakula hasa mutondo na miti ya jamii ya muputu. Kwenye mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili viwavi vinanenepa, na kabla havijashuka kujizika udongoni vinaokotwa, vinakamuliwa, vinachemshwa na kukaushwa juani. Pamoja na bukari, hakuna nyama inayovishinda, na si sisi peke yetu tunaosema hivyo. Mti uliolambwa majani yote haufi; unatoa mengine. Kinachouua ni shoka la mtu asiye na subira ya kupanda, anayeangusha mti mzima wa miaka 60 ili apate kikapu kimoja.

Kisha uyoga, bowa. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi wa kijiji wanalijua kwa macho bila kujua sababu yake. Bowa wanaosifiwa zaidi, kama kabansa, tente na wale wa manjano wenye umbo la tarumbeta, hawaoti popote. Wanaota chini ya muputu, mutondo, mutobo au musuku. Sababu ni kwamba uyoga tunaouona ni tunda tu. Mwili wake ni nyuzi nyembamba zilizo udongoni, nazo zimeifunika mizizi ya mti kama soksi. Nyuzi zinafika mahali ambapo mizizi haifiki, zinaleta fosforasi na maji. Mti unazilipa kwa sukari. Udongo wetu ni maskini, na bila mkataba huo miti hii isingesimama. Basi ukiukata mti, uyoga wake unakwenda pamoja nao. Ukipanda mwembe mahali pa muputu, kivuli utapata, maembe utapata, bowa hutapata. Wa vichuguuni ni hesabu nyingine: wale wanalimwa na mchwa wenyewe ndani ya viota, na kati yao mna mmoja ambaye kofia yake inaweza kufika karibu meta moja kwa upana. Kando ya barabara yetu watoto wanamshika juu ya kichwa kama mwavuli wakisimamisha magari. (Tuongeze hapa kwamba asiyewajua bowa asiokote peke yake. Kila mwaka wa mvua kuna familia inayolia kwa sababu hiyo.)

Tulisema kuna sababu ya pili ya kuandika haya.

Lubumbashi ni mji wa mamilioni ya watu, na nyumba nyingi mno zinapika kwa makala. Umeme unakatika, gesi ni ya wachache. Kila asubuhi kabla jua halijatoka, baiskeli zenye magunia matatu au manne zinapita mbele ya kanisa letu kuelekea mjini. Wanaozisukuma ni washiriki wetu. Minervali ya watoto wao inatoka huko, na dawa, na sadaka pia. Anayesimama mimbarani kuwaita waharibifu angalau aseme yeye mwenyewe jioni anapikiwa kwa nini.

Hata hivyo hesabu ni ngumu. Katika tanuru la udongo, kilo 100 za kuni zinatoa kilo 10 hadi 20 tu za makala; sehemu kubwa inakwenda na moshi. Na miti ya miombo inakua polepole, unene wake unaongezeka milimeta chache kwa mwaka. Tulipofika hapa matanuru yalikuwa mwendo wa nusu saa kwa mguu. Sasa wachoma makala wanaondoka siku tatu.

Lakini kuna habari ambayo haisemwi ya kutosha: kisiki cha muputu hakifi. Kinachipuka. Mizizi iliyobaki udongoni nayo inatoa machipukizi, na kwa kuwa mizizi ni ile ya zamani yenye kina, machipukizi hayo yanakimbia kuliko mche wowote wa kupandwa. Pori lililokatwa linaweza kurudi likawa pori tena, si chini ya miaka 20, kama watu hawatalima papo hapo mfululizo na kama moto hautapita vibaya.

Moto ndio unaoamua. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Ndola, mwaka 1933 watu wa misitu walianza jaribio ambalo liliendelea kwa miaka mingi. Waligawa pori katika sehemu. Moja iliunguzwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Nyingine iliunguzwa mwisho wa ukame, kila kitu kikiwa kikavu. Nyingine ilikingwa kabisa na moto. Ile ya moto wa mapema ilibaki miombo. Ile iliyokingwa ilizidi kuwa nzito. Ile ya moto wa mwisho wa ukame ilipoteza miti yake mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa nyasi na visiki. Mtu anayewasha moto mwezi wa tano au wa sita ili kusafisha kuzunguka nyumba anawasha moto mdogo, unaozimwa kwa matawi. Anayewasha mwezi wa kenda ili atoe panya anaunguza machipukizi yote na majani mekundu tunayoyasifu hapa, pamoja na chakula cha vinkubala vya mwezi wa kumi na moja.

Parokia yetu ina shamba la hekta tatu za miombo nyuma ya kanisa. Miti mingi pale ni mikubwa kwa umri kuliko kanisa lenyewe, na wengine tumeifundisha katekisimu chini yake kabla hatujapata jengo. Mwaka uliopita mfanyabiashara mmoja wa makala alileta pendekezo: atakata zote, na badala yake atatupa mabati ya paa zima. Paa letu linavuja, kila mtu anajua. Wazee wa kanisa walitaka kukubali, na hatukuwa na hoja kali ya kuwapinga, kwa kuwa mvua inapoingia juu ya Meza ya Bwana si jambo la kuchekesha.

Aliyebadili mazungumzo ni mama mmoja mjane ambaye huwa hasemi katika kikao. Aliomba kalamu kwa katibu. Akaanza kuhesabu kwa sauti yale anayotoa katika hekta zile tatu yeye peke yake kwa mwaka: makopo ya vinkubala, vikapu vya bowa, ndoo za masuku, kuni za matawi makavu, magome ya dawa, asali mara moja au mbili. Akaweka bei ya soko mbele ya kila kimoja. Kisha akawauliza wamama wengine saba waliokuwepo waseme ya kwao. Walipojumlisha, mabati yalikuwa yamepitwa katika miaka miwili. Na mabati, alisema, mtapewa mara moja.

Kikao hakikukataa wala hakikukubali. Kiliamua mambo matatu kwa sasa: itakatwa miti iliyokufa imesimama, na makala yake yauzwe kwa ajili ya paa, vijana watasafisha njia ya moto kuzunguka shamba kila mwezi wa tano, na wachoma makala wa parokia waanze kutunza machipukizi katika mahali walipokwisha kukata, kila mmoja eneo lake, badala ya kusogea mbele. Hili la tatu ndilo gumu. Wawili wamekubali, wengine wanangoja kuona.

Mfanyabiashara amerudi mwezi uliopita akiwa ameongeza bei. Tumempeleka akaone miti ikiwa katika wekundu wake. Aliitazama kwa muda, akapiga picha mbili kwa simu, kisha akauliza tena hekta ni ngapi. Kikao kitakaa mwezi wa kumi na mbili, wamama wakishamaliza kukausha vinkubala.